Spika za saraundi kwa kompyuta ya nyumbani: ununue zipi hapa Arusha?

Ukiingia duka la vifaa vya umeme kwenye Barabara ya Sokoine au kule Stendi Ndogo ukaulizia spika za saraundi za kompyuta, yaani za sauti inayokuzunguka, utaletewa sabufa yenye spika tano, rimoti, na taa zinazowaka kila rangi. Muuzaji atachomeka flashi, wimbo utapiga, besi itatikisa kioo cha kaunta. Kabla hujatoa hela, mwombe aigeuze. Mbele ya sabufa kumejaa matangazo. Nyuma ndiko kwenye habari.

Nyuma kuna matundu ya kuingizia sauti. Ukikuta mawili tu, jekundu na jeupe, ujue mtambo huo unapokea njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia, halafu unazigawa kwa spika zote tano. Spika iliyo nyuma yako itaimba kilekile kinachoimbwa na ya mbele. Ukikuta matundu sita, ambayo kwa kawaida huandikwa FL, FR, SL, SR, CEN na SW, au matundu matatu ya pini ndogo kama ya hedifoni, hapo kuna njia sita zinazojitegemea: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, katikati, na ya besi. Hiyo ndiyo 5.1. Tano ni njia kamili za sauti, na moja ya baada ya nukta ni njia ya besi peke yake. Namba inahesabu njia. Maboksi wanaweza kukuwekea hata kumi.

Sabufa za 3.1, ambazo ndizo zimejaa madukani, nyingi zina matundu mawili yaleyale nyuma. Spika ya tatu inapewa mchanganyiko wa kushoto na kulia. Si mbaya kwa muziki wa sebuleni, ila usiiite saraundi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukisubiri. Mtu anayekaa chumba kimoja, mpakato uko mezani na kitanda kiko mgongoni, atafaidika zaidi na spika mbili nzuri kuliko tano za bei hiyohiyo. Saraundi inaanza kulipa pale vitu vitatu vinapokutana: kompyuta inayotoa njia sita, muvi au gemu lililorekodiwa kwa njia sita, na nafasi nyuma ya kiti chako. Watu wengi wana kimoja kati ya hivyo, wananunua spika tano, halafu wanashangaa kwa nini ile ya nyuma kushoto haina kazi.

Kompyuta yako inatoa nini

Mpakato karibu wote una tundu moja la sauti. Hilo linatoa njia mbili, basi. Ukilichomekea sabufa ya matundu sita kwa waya mmoja, utapata stereo kwenye spika za mbele, na nyingine zitanyamaza au zitanakili.

Kompyuta ya mezani ndiyo yenye bahati. Ubao mama wa kawaida wa kisasa (saketi kuu ya kompyuta) una matundu matatu nyuma: la kijani, la bluu na la pinki. Kijani ni spika za mbele. Hayo mawili kwa kawaida ni ya kuingizia sauti na maikrofoni, lakini draiva ya Realtek, programu inayoendesha sauti ya kompyuta, inaweza kuyageuza yakawa ya kutolea: moja likabeba spika za nyuma, jingine katikati pamoja na besi. Ubao wenye matundu matano au sita una rangi zake kabisa, nyeusi kwa spika za nyuma na ya chungwa kwa katikati na besi. Baada ya kuchomeka unakwenda kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, unachagua spika, unabonyeza kusanidi, unachagua 5.1. Usipofanya hivyo, kompyuta itaendelea kutoa njia mbili hata kama umechomeka nyaya zote vizuri. Nusu ya malalamiko ya "spika yangu ya nyuma haipigi" yanaishia hapo.

Sasa kuna jambo la kwetu. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mjini ni za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya na Uarabuni, zile Dell OptiPlex na HP za aina hiyo. Ni imara, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya karani, na karani hakuhitaji saraundi. Nyingi zina matundu mawili tu nyuma, la kutolea na la kuingizia. Kwa hiyo hata mwenye kompyuta ya mezani asijihesabie ushindi kabla hajainama kutazama.

Dawa ni kadi ya sauti ya nje ya USB. Hapa pia kuna mtego. Kile kidude kidogo chenye ukubwa wa kidole, kimeandikwa "7.1" na kina matundu mawili, la hedifoni na la maikrofoni, ni stereo yenye jina kubwa. Unayoitaka ni ile yenye umbo la kiboksi na matundu kadhaa ya kutolea, ambayo kila moja limeandikwa kazi yake: mbele, nyuma, katikati na besi. Inafanya kazi kwa mpakato na kwa Dell ya ofisini vilevile. Ni kifaa cha bei ndogo, na kwa mtu ambaye tayari ana sabufa ya matundu sita inayofanya kazi kama redio, ndicho kitu cha kununua kabla ya kingine chochote.

Bluetooth usiihesabu. Inaleta njia mbili, hata kama mtambo una spika tano. Waya wa mwanga, ule wenye taa nyekundu kwenye ncha, unaweza kubeba 5.1 ya muvi ikiwa imebanwa kwa Dolby Digital au DTS, lakini sauti ya gemu ambayo haijabanwa inapita kwa njia mbili tu, labda kadi yako iwe na uwezo wa kuibana papo kwa papo. HDMI inabeba zote sita bila tabu, hadi nane, ila inahitaji risiva upande wa pili, yaani amplifaya ya sebuleni inayopokea sauti na kuigawa kwa spika.

Na muvi zako je?

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na bora ukate tamaa kabla ya kununua.

Muziki ni stereo. Bongo fleva, singeli, kwaya, kila kitu unachosikiliza kimechanganywa kwa njia mbili. YouTube kwenye kompyuta nayo ni stereo, labda kwa nadra sana. Muvi zilizotafsiriwa, zile zenye sauti ya mtafsiri juu yake, kwa kawaida hutoka zikiwa na njia mbili hata kama muvi ya asili ilikuwa na sita, kwa sababu mtafsiri anachanganya sauti yake na ya muvi kisha anatoa faili jepesi la kuingia kwenye flashi. Kama nyumba yako inakula muvi za kutafsiriwa kuanzia Januari hadi Desemba, spika za nyuma zitakuwa mapambo.

Kinachobeba njia sita ni DVD na Blu-ray halisi, huduma za kulipia kama Netflix kwa baadhi ya muvi na vifurushi, na gemu nyingi za kompyuta. Gemu ndizo zinazofaidi kuliko vyote, maana sauti inakokotolewa kulingana na mahali ulipo: adui akitokea nyuma, spika ya nyuma inalia kweli. Kwa faili ulizonazo, fungua programu ya VLC, nenda kwenye taarifa za kodeki, tazama mstari wa njia za sauti. Ukiona "Stereo", basi. Ukiona "3F2R/LFE", maana yake ni tatu za mbele, mbili za nyuma na besi. Hiyo ndiyo yenyewe. Pitia faili ishirini hivi ulizonazo. Zikiwa kumi na nane ni stereo, umeshajua mfuko wako uelekee wapi.

Sabufa za mjini

Hizi ndizo Aborder, Sea Piano na nyingine nyingi kutoka China ambazo majina yake hubadilika kila msimu. Za 2.1 ndogo utazipata chini ya laki moja. Za spika tano zinaanzia kama laki mbili na kuendelea kulingana na ukubwa wa boksi na ukali wa maneno yako. Bei hizi ni za kukadiria, dola ikipanda nazo zinapanda.

Uzuri wake mkubwa hausemwi kwenye boksi: kila fundi anazijua. Ikiungua, fundi wa Ngarenaro au Kilombero ana IC yake (chipu ya amplifaya) kwenye droo, na spika iliyochanika inabadilishwa siku hiyohiyo. Zina redio, tundu la flashi, Bluetooth, rimoti. Ukichoka nazo, zinauzika kwa jirani. Kwa kipaimara cha mtoto au kikao cha familia, hakuna kitu kingine kwenye orodha hii kitakachoziweza.

Ubaya unaanza kwenye namba. Boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO. PMPO haina kipimo kinachokubalika. Kila kiwanda kinaandika kinavyojisikia. Soketi ya ukutani yenye plagi ya fyuzi ya ampea 13, kwa volti 230, haiwezi kutoa hata wati 3,000 kwa mfululizo, sasa hizo elfu kumi zinatoka wapi? Tafuta kibati kidogo cha nyuma chenye maelezo ya umeme. Kimeandikwa kitu kama "AC 220-240V 50Hz 60W". Hizo wati 60 ndizo inazokula, na sauti inayotoa kwa mfululizo haiwezi kuzidi inachokula. Ukilinganisha sabufa mbili dukani, linganisha vibati hivyo, achana na maandishi ya mbele.

Ubaya mwingine ni sauti yenyewe. Spika ndogo za pembeni ni nyepesi, nyingi zina koni moja ya inchi tatu hivi ndani ya plastiki, na ili ionekane ina nguvu, besi imesukumwa kupita kiasi. Maneno ya waigizaji yanazama. Unaongeza sauti usikie wanachosema, mlio wa bunduki unaamsha nyumba nzima. Ukiipata yenye matundu sita, angalia kama ina vitufe vya kupandisha katikati peke yake. Hicho kitufe kimoja kinatibu sehemu kubwa ya tatizo hilo. Nyaya za spika za nyuma nazo huwa fupi, ila fundi ataziunga kwa bei ya soda mbili tatu.

Logitech za kompyuta

Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta tangu mwanzo, na namba zake ni za RMS, yaani nguvu ya kudumu. Ndiyo maana zinaonekana ndogo. Z506 ni wati 75: sabufa, yaani boksi la besi, 27, ya katikati 16, na nyingine nne wati nane kila moja. Imeingia sokoni tangu 2010 na bado inatafutwa. Inapokea pini tatu za rangi tofauti, moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, bila adapta wala maelezo marefu. Marekani ilitoka kwa karibu dola 100. Ikifika huku imeshabeba nauli na ushuru.

Z607 ni wati 80, na imeongezewa vitu ambavyo sisi tunavipenda: Bluetooth, redio ya FM, tundu la USB na la kadi, na rimoti. Kikubwa zaidi ni nyaya za nyuma zenye urefu wa mita 6.2. Zinazunguka chumba kizima ukutani bila kuungwa. Kati ya hizi mbili, Z607 ndiyo ningemshauri mtu mwenye sebule, kwa ajili ya nyaya hizo tu. Wati tano za tofauti hutazisikia.

Juu yake kuna Z906 ya mwaka 2011, wati 500, sabufa 165 na spika tano za 67. Ina waya wa mwanga na inafumbua Dolby Digital na DTS yenyewe, kwa hiyo hata mpakato wenye tundu la mwanga unaifaa. Bei yake Marekani ni kama dola 400, na hapo neno "nafuu" limeshaaga. Inatajwa hapa kwa sababu huonekana ikiuzwa mtumba. Ukikutana nayo, hakikisha kile kiboksi cha mezani chenye kioo na kitufe cha duara kipo na kinawaka. Bila hicho mtambo hauwashi, na kukipata peke yake ni kazi ya kusaka mtandaoni.

Ukizilinganisha na sabufa za mjini kwa sauti ileile ya chumbani, Logitech inasikika safi zaidi kwenye maneno na mvumo wake ni mdogo. Kwa kelele za sherehe inashindwa mapema. Kwa matengenezo pia inashindwa: fundi atafungua, ataangalia, atakwambia uilete kesho kutwa. Mpya utaziagiza Kariakoo zije kwa basi, kama duka la kompyuta la hapa halina. Ukiagiza, omba picha ya kibati cha umeme kabla ya kutuma hela. Toleo la Marekani ni la volti 120, na kuichomeka kwenye umeme wa TANESCO wa 230 ni kuiaga.

Risiva ya mtumba na spika zake

Kundi hili ndilo lenye sauti nzuri kuliko yote kwa pesa ndogo, na ndilo lenye mitego mingi. Yamaha, Sony, Onkyo, Denon, Pioneer: risiva ya miaka kumi na tano iliyopita ilikuwa kifaa cha gharama Ulaya, leo inauzwa mtumba kwa bei ya sabufa ya spika tano kwa sababu wenyewe wamehamia vitu vyembamba. Ina amplifaya ya kweli kwa kila spika. Nyingi zina Dolby Pro Logic II, ambayo inachukua sauti ya njia mbili na kuitawanya kwa akili: maneno yanakwenda katikati, vishindo vinasambaa pembeni na nyuma. Kwa muvi za kutafsiriwa na kwa mpira, hicho ndicho kitu pekee katika ulinganisho huu wote kinachozipa spika za nyuma kazi yenye maana. Sauti ya mtafsiri inasimama katikati ya skrini, kelele za uwanja zinakuzunguka. Sijui kwa nini watu hawaisemi sana.

Mitego sasa. Kwanza volti: ya Ulaya ni 230, ya Japani ni 100, ya Marekani 120. Ya Japani inahitaji transfoma ya kushusha, na transfoma yenye uwezo wa kutosha ni nzito na ina gharama yake. Pili HDMI: tafuta iliyoandikwa IN, halafu hakikisha risiva inachukua sauti kutoka humo, maana za zamani zaidi zilikuwa zinapitisha picha tu. Ukiwa na kompyuta ya matundu matatu, risiva yenye matundu sita ya kuingizia sauti ya njia nyingi itakufaa hata bila HDMI.

Tatu, usichanganye risiva na ile mitambo ya kutumbukiza DVD yenye spika tano nyembamba. Zinafanana kwa macho. Lakini kwenye ile mitambo tundu la HDMI mara nyingi ni la kutolea picha kwenda kwenye televisheni, na la kuingizia sauti ni jekundu na jeupe tu. Spika zake nazo zina plagi za pekee na omu (kipimo cha ukinzani wa spika) ndogo, tatu au nne, hivyo huwezi kuzihamishia kwenye risiva iliyoandikwa omu sita hadi nane bila kuihatarisha. Huo mtambo kwa kompyuta ni stereo yenye spika nyingi, tumesharudi kulekule.

Uzito pia. Risiva inaweza kufika kilo kumi, inatoa joto, inahitaji nafasi ya kupumua juu yake. Meza ya kompyuta ya mbao laminishwa haiitaki. Na spika zake unazinunua moja moja kwa uvumilivu. Anza na mbili za mbele, ongeza ya katikati, nyuma zije mwisho. Risiva itakubali kuambiwa una spika ngapi.

Spika mbili

Ukikaa mezani, masikio yako yako chini ya mita moja kutoka kwenye spika. Spika mbili zikiwekwa sawa, sauti ya mtu anayeongea inaonekana kutoka katikati ya skrini bila kuwa na spika ya katikati. Hiyo ndiyo kazi ya stereo, na inafanya vizuri zaidi kwa mtu mmoja anayekaa katikati. Spika ya katikati ilibuniwa kwa ajili ya watu walioketi pembeni ya ukumbi.

Edifier R1280T ina wati 42 kwa jumla, koni ya inchi nne kwa besi na nyingine ndogo kwa sauti nyembamba, boksi la mbao. Haina Bluetooth, R1280DB ndiyo inayo, pamoja na waya wa mwanga. Ukiiweka kando ya sabufa ya spika tano ya bei inayokaribiana, ukacheza muvi moja, utasikia pumzi za waigizaji, vyombo vya jikoni nyuma yao, mvua inavyoanza. Sabufa itakupa kishindo. Mwenye kutengeneza muziki au kuhariri video za harusi asiwaze mara mbili, achukue spika mbili, maana kazi iliyopimwa kwa sabufa yenye besi ya kusukumwa itasikika nyembamba kila mahali pengine.

Mwenye fedha kidogo kabisa aangalie Creative Pebble. Inapata umeme kwenye USB, wati 4.4 tu, haina besi ya kujivunia, lakini mwanafunzi wa Chuo cha Uhasibu kule Njiro aliyepanga chumba atasikia kila neno la mhadhara na muvi ya usiku bila kugongewa ukuta. Kwa gemu usiku, hedifoni ya kawaida pamoja na Windows Sonic, ambayo ni ya bure ndani ya Windows 10 na 11, inatoa hisia ya mbele na nyuma. Inatosha hadi utakapopata sebule.

Chumba na umeme

Kipimo cha mpangilio wa 5.1 ni hiki: spika za mbele nyuzi 30 kila upande kutoka katikati, za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, yaani pembeni ya mabega zikirudi nyuma kidogo. Kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili chenye kitanda na kabati, pembe hizo zinaangukia kwenye mto na mlango. Watu huzipandisha juu ya kabati au huziweka zote mbele, na hapo ungenunua mbili. Sebule yenye kochi lisilogusa ukuta wa nyuma ndiyo inayofaa. Kama mwenye nyumba hataki misumari, stuli mbili zinatosha kubeba spika za nyuma.

Sakafu ya vigae na kuta za tofali zinarudisha sauti, zulia na pazia zito vinaituliza kuliko spika mpya itakavyofanya. Dari la jipsamu linatetemeka na besi. Isogeze sabufa mbali na kona kabla ya kulaumu mtambo. Na nyumba za kupanga za Sakina, Kwa Mrombo au Sombetini zinazochangia ukuta zina ukweli mmoja: besi ya 5.1 anaisikia jirani kuliko wewe. Masika ikipiga kwenye bati hakuna spika ya laki mbili itakayoshindana nayo, weka maandishi chini ya muvi.

Umeme ukikatika zima swichi ya ukutani, usisubiri urudi kwa kishindo. Stablaiza au kile kifaa cha kulinda friji ni cha lazima zaidi kwa risiva kuliko kwa sabufa, kwa sababu sabufa inatengenezeka. Ukisikia mvumo wa "mmmm" usiokoma kwenye spika ukiwa na mpakato, chomoa chaja ya mpakato kwa muda. Mvumo ukiisha, tatizo ni mzunguko wa waya wa ardhi kati ya chaja na sabufa. Chomeka vyote viwili kwenye kiendelezo kimoja kwanza, uone.

Nani achukue nini

Mwenye mpakato na chumba kimoja: Edifier, au Pebble kama mfuko umebana. Familia yenye sebule, kompyuta ya mezani imeunganishwa na televisheni, na watoto wa gemu: Z607, pamoja na kadi ya USB kama kompyuta ni ya ofisini. Mwenye muvi za kutafsiriwa tupu na kochi zuri: risiva ya Ulaya yenye Pro Logic II, hata kwa spika tatu za kuanzia. Anayetaka muziki wa nyumba na sherehe, kompyuta ikiwa ya ziada: sabufa ya mjini, na aichukue ya 2.1 yenye boksi kubwa la mbao badala ya ya spika tano nyepesi kwa bei ileile. Sabufa ya mjini ya matundu sita naipendekeza kwa mtu mmoja tu: mwenye gemu, mwenye kompyuta yenye matundu matatu, na asiyeweza kufikia bei ya Logitech. Huyo atapata saraundi ya kweli yenye sauti ya wastani, na kwenye gemu atafurahi.

Walio Moshi, maduka ya Double Road yana sabufa za kutosha. Arusha ni kilomita kama 80 na safari ya kuja ina maana pale tu unapotafuta risiva ya mtumba au spika za kompyuta zenye jina, ambazo huku kuna nafasi zaidi ya kuchagua na kusikiliza.

Siku ya kununua 5.1 yoyote, beba kompyuta yako, au mpakato na kadi ya USB, pamoja na nyaya tatu. Usikubali kujaribiwa kwa flashi wala Bluetooth. Unganisha pini zote, fungua mipangilio ya sauti ya Windows, weka 5.1, bonyeza kitufe cha kujaribu. Kompyuta itapiga mlio kwenye spika moja moja kwa zamu. Zikilia zote kwa pamoja, mshukuru muuzaji uondoke. Ya nyuma kushoto ikilia peke yake na nyingine zikanyamaza, hapo anza kuongea bei.